Siku mdogo wangu alipoachiwa mabaki

Kaka alikuwa ameingia ukurasa wa pili wa wosia wa Baba pale mdogo wetu wa mwisho aliposimama. Hakupiga kelele. Aliuliza tu, "Yaani mimi ndiyo nimeachiwa mabaki?" Akachukua simu yake mezani, akatoka nje.

Nilimwelewa. Kaka alikuwa ameshasomewa nyumba. Mimi nilikuwa nimeshasomewa kiwanja. Shangazi alikuwa ametajiwa cherehani ya marehemu Mama. Halafu likaja jina la kitinda mimba, na mbele yake maneno haya: "mabaki ya mali yangu yote, popote yalipo." Sisi tuliokaa pale, watu wazima wenye vyeti vyetu, tulisikia neno mabaki tukaona makombo. Hakuna aliyemfuata kumwambia vinginevyo, kwa sababu hakuna aliyejua vinginevyo.

Ilituchukua wiki tatu na wakili mmoja mwenye subira kugundua kwamba huyo aliyetoka nje ndiye alikuwa ameachiwa fungu kubwa kuliko sisi wote.

Wakili alitueleza hivi. Mtu anapoandika wosia hutaja baadhi ya vitu kwa majina: nyumba fulani kwa huyu, kiwanja fulani kwa yule. Hizo ni zawadi mahususi. Lakini hakuna anayeweza kutaja kila kitu alicho nacho, sembuse atakachokuja kukipata baada ya kusaini. Kwa hiyo mwandishi mzuri wa wosia huweka kifungu kimoja cha kuzoa kila kisichotajwa: akiba ya benki, hisa, mafao ambayo hayajalipwa, fedha ambazo marehemu alikuwa anawadai watu, samani, hadi vitabu kabatini. Hayo ndiyo mabaki ya mali. Na zawadi yoyote ya juu ikishindikana kwa sababu ya kisheria, kwa kawaida nayo huanguka humo humo. Wosia usio na kifungu hicho unaweza kumfanya mtu awe amekufa nusu na wosia, nusu bila wosia. Yaani vile visivyotajwa vinagawanywa kana kwamba hakuandika chochote.

Ila mwenye mabaki hula wa mwisho. Gharama za mazishi, ada za mahakama, kodi na madeni huanza kutolewa katika fungu lake kabla ya kugusa zawadi zilizotajwa kwa jina. Mdogo wangu alipoambiwa nusu ya kwanza ya habari hii alicheka kwa mara ya kwanza tangu msiba. Alipoambiwa nusu ya pili alinyamaza. Tutarudi hapo.

Nikitazama nyuma, ugomvi wetu mwingi haukuwa wa mali. Ulikuwa wa maneno. Kila mmoja alikuwa na neno lile lile mdomoni na maana tofauti kichwani. Neno wosia lenyewe lilitugawa. Katika Kiswahili cha kila siku wosia ni nasaha: mzazi anamkalisha mwanawe anamwambia uishi hivi na vile, na washairi wetu wa kale waliandika tendi nzima za aina hiyo bila kutaja hata kipande cha ardhi. Mahakamani wosia ni kitu kingine. Ni tamko la mtu mwenye akili timamu kuhusu mali yake baada ya kufa, lenye masharti ya namna ya kuandikwa na kushuhudiwa. Baba mdogo alikuwa na wosia wa aina ya kwanza akidhani ni wa aina ya pili. Baba alimwambia hospitali, "Lile gari utalichukua wewe." Naamini alimwambia. Alilichukua siku ya nne baada ya mazishi.

Sitamlaumu sana, kwa sababu hata sisi hatukujua kwamba kuna jina la jambo lile. Ni kuingilia mali ya marehemu. Mpaka awepo mtu mwenye mamlaka ya kuisimamia, hakuna ruhusa ya kuuza, kugawa wala kubeba, hata kama kitu hicho kweli kitakuwa chako mwishoni. Sheria ya Kiingereza ina sura nzima kuhusu mtu wa namna hii, ambaye mimi kwa Kiswahili namwita msimamizi wa kujipachika: akishagusa mali kana kwamba ni msimamizi, anaweza kudaiwa kama msimamizi, hadi thamani ya alichokigusa. Kenya wamekwenda mbele zaidi. Kifungu cha 45 cha Sheria ya Urithi kinalifanya jambo hilo kuwa kosa la jinai. Na sheria hiyo hiyo inautambua wosia wa mdomo, lakini kwa masharti: mashahidi wawili au zaidi, na aliyeusema afe ndani ya miezi 3 tangu kuusema. Baba mdogo alikuwa na shahidi mmoja, yaani yeye mwenyewe.

Alipoambiwa arudishe gari, alikwenda mahakamani akaweka zuio. Wakili aliliita kavieti. Nyumbani tulipokea habari hiyo kama tangazo la vita: baba mdogo ametushtaki! Hakuwa ametushtaki. Zuio ni ombi kwa mahakama kwamba isitoe hati yoyote juu ya mirathi hii bila kumjulisha aliyeliweka. Ni kama mtu aliyeweka mguu mlangoni ili usifungwe. Bado inabidi aje aseme ana haki gani. Yeye hakuja, na muda wake ukapita. Gari alilirudisha usiku, funguo zikiwa juu ya tairi. Miezi minne tuliyokatana salamu hairudishwi na mahakama.

Sasa neno msimamizi. Hili nalo lilitutesa.

Wosia ulisema, "Namteua mwanangu wa kwanza kuwa msimamizi." Tangu siku ile watu walianza kumpa Kaka pole zenye heshima ya kumpongeza. Majirani walimwita mwenye mji. Yeye mwenyewe, nadhani, alianza kuamini kidogo. Alianza kusema "nitawapa" badala ya "mtapata". Mdogo wangu na mimi tulikaa usiku mmoja tukihesabu makosa yake ya utotoni.

Aliyetusaidia ni karani wa masjala, bila kukusudia. Kaka alipofika dirishani na bahasha yake, karani aliuliza swali moja bila kuinua kichwa: "Kuna wosia au hakuna?" Kaka akasema upo. "Amekutaja wewe?" Ndiyo. "Basi umekuja kuthibitisha wosia, hukuja kuomba usimamizi." Akamsukumia fomu nyingine kabisa.

Tofauti yake ni hii. Aliyetajwa na marehemu mwenyewe ni mtekelezaji wa wosia. Kwa lugha ya zamani anaitwa wasii, neno la tumbo moja na wosia, kama vile mrithi, urithi na mirathi walivyo wa tumbo moja. Mamlaka yake yanatoka kwa marehemu, tangu saa ya kifo. Mahakama inayathibitisha tu na kumpa hati ya kuwaonyesha mabenki na ofisi za ardhi. Lakini kama hakuna wosia, au upo na aliyetajwa amekufa au amekataa, mahakama ndiyo inayomteua mtu na kumpa barua za usimamizi. Huyo hana mamlaka hata chembe kabla ya barua zile, na mara nyingi hudaiwa wadhamini wa kusimama nyuma yake asije akatokomea na mali. Mitaani wote wawili tunawaita msimamizi wa mirathi. Sikatai, hata mimi nawaita hivyo. Ila ukifika dirishani ujue wewe ni yupi.

Kwa yule wa wosia na kwa yule wa mahakama, kazi ni moja: kukusanya mali, kuorodhesha, kulipa madeni, kugawa kilichobaki kwa wanaostahili, na kurudisha hesabu. Anaweza kuwa mrithi pia, kama Kaka alivyokuwa. Anaweza asiwe mrithi hata wa kijiko. Kaka alipogundua kwamba akigawa mali kabla ya kulipa madeni, mwenye kudai anaweza kumfuata yeye mfukoni mwake, lugha yake ilibadilika usiku mmoja. Akaacha "nitawapa". Akaanza kutuuliza risiti.

Si kila mahali mambo huenda hivi. Ufaransa, kwa mfano, warithi huingia moja kwa moja katika nafasi ya marehemu bila msimamizi wa mahakama katikati, na huingia na madeni yake pia. Kwa hiyo mrithi anapewa njia tatu: akubali yote, akubali kwa kiwango cha mali iliyopo tu, au akatae kabisa. Na mzazi wa huko hana uhuru aliokuwa nao Baba wa kugawa apendavyo. Mwenye mtoto mmoja anaweza kumwachia mtu mwingine nusu tu ya mali. Mwenye watoto wawili theluthi. Mwenye watatu au zaidi robo. Waislamu wengi nao wanafahamu mpaka mwingine: wosia hauvuki theluthi ya mali, na hauandikwi kwa mrithi ambaye tayari ana fungu lake, isipokuwa warithi wengine waridhie. Nayasema haya kwa sababu rafiki alinipa ushauri mzuri sana kuhusu mirathi ya baba yake, na wote ulikuwa wa makosa kwangu. Sheria yake haikuwa yangu.

Nimechelewesha sehemu inayonihusu. Naikwepa mpaka leo.

Jumapili moja, miaka sita kabla hajafa, Baba aliniita mezani. Jirani wetu mmoja alikuwa amekaa, kofia mapajani. Palikuwa na karatasi imekunjwa ili ionekane sehemu ya chini tu. Baba akanipa kalamu akasema, "Weka sahihi hapa, chini ya ya mzee." Niliweka. Ndivyo tulivyolelewa, mzazi akikwambia saini, unasaini. Sikuuliza ni nini. Nilidhani ni mambo ya kikundi chao cha akiba. Nakumbuka wino ulikuwa unakwama, nikalazimika kupitisha kalamu mara mbili juu ya herufi ya kwanza ya jina langu.

Wakili alipofika ukurasa wa mwisho wa wosia aliweka kidole juu ya herufi ile iliyopitishwa mara mbili. "Hii sahihi ni ya nani?"

Nikasema ni yangu, tena kwa fahari kidogo. Nilidhani inaongeza nguvu.

Akavua miwani. Katika nchi zilizochukua sheria kutoka kwa Waingereza, wosia wa maandishi unahitaji mashahidi wasiopungua wawili. Sheria yao ya Wosia ya mwaka 1837 inataka mwenye wosia asaini, au akiri sahihi yake, mbele ya mashahidi wawili waliopo kwa pamoja. Na inasema jambo jingine: shahidi akiachiwa kitu katika wosia aliousaini, wosia unabaki halali, ila zawadi yake inakufa. Hata ya mume au mke wake. Shabaha ni kwamba shahidi asiwe na maslahi, ili siku ya mabishano aseme kweli bila kujifikiria. Zipo sheria zinazolegeza, kwa mfano kama kuna mashahidi wengine wa kutosha wasiohusika. Baba alikuwa na wawili tu. Mzee wa kofia na mimi.

Kiwanja changu kilikufa pale mezani. Na kwa kuwa zawadi iliyokufa huanguka kwenye mabaki, kilikuwa kimehamia kwa mdogo wangu. Yule aliyetoka nje akilia makombo.

Nilitafuta kila mlango. Tulipekua makabati, na chini ya godoro la Baba tukapata daftari lenye ukurasa ulioandikwa kwa mkono wake: "Kiwanja ni cha binti yangu, na asisumbuliwe." Nililia kwa furaha. Wakili alilisoma mara mbili, akauliza tarehe, akauliza sahihi, akauliza mashahidi. Hapakuwa na kimoja kati ya hivyo. Nyongeza ya wosia, alisema, inadai masharti yale yale ya wosia wenyewe. Huwezi kuufunga mlango mkubwa kwa kufuli halafu ukaacha dirisha wazi. Zipo sehemu zinazoupokea wosia wa mkono usio na mashahidi. Mwimbaji Aretha Franklin alifariki 2018, mwaka uliofuata zikapatikana nyumbani kwake karatasi za mwandiko wake, nyingine chini ya mto wa kochi, na mwaka 2023 baraza la raia walioitwa kuamua mahakamani huko Michigan likaamua kwamba zile za 2014 ni wosia halali. Lakini hata zile zilikuwa na sahihi. Daftari la Baba lilikuwa na mapenzi tu.

Wakati huo huo likaibuka deni. Baba alikuwa amemdhamini rafiki yake mkopo. Sisi tulijua neno mdhamini kama mtu anayekusemea vizuri. Benki inalijua kama mtu anayelipa usipolipa wewe, na udhamini ule kwa mkataba wake haukufa na Baba. Barua ilikuja kwa Kaka kama mtekelezaji, baada ya tangazo la gazeti la kuwaita wadai, lile tangazo ambalo tulidhani ni utaratibu wa kupoteza fedha. Deni lilikuwa kubwa. Na deni linakula mabaki kwanza. Na ndani ya mabaki sasa kulikuwa na kiwanja. Kwa hiyo ardhi iliyokuwa yangu, ikawa ya mdogo wangu, ilikuwa inakaribia kuwa ya mtu wa mnada.

Kilichotuokoa ni uzembe wa Baba. Alikuwa na bima ya maisha. Fedha za bima yenye mnufaika aliyetajwa kwenye fomu kwa kawaida hazipiti kwenye mirathi kabisa. Zinakwenda kwa mtu huyo moja kwa moja, hata wosia useme nini. Watu wengi hawalijui hili, wanaandika wosia mzuri wanasahau fomu waliyoijaza wakiwa vijana. Baba aliijaza akiwa kijana. Mnufaika wake alikuwa Mama, peke yake, naye Mama alimtangulia Baba kwa miaka tisa. Kwa bima ile, mnufaika akiwa ametangulia na hakuna mwingine aliyetajwa, fedha zilirudi kwenye mali ya marehemu, yaani kwenye mabaki. Zilitosha deni, zikabaki kidogo. Kama angekumbuka kubadilisha fomu na kumwandika Kaka, fedha zingekwenda kwa Kaka na kiwanja kingeuzwa.

Kulikuwa pia na akaunti ya pamoja ya Baba na Kaka. Kuhusu hiyo nitasema machache, kwa sababu kidonda hakijakauka. Kuna umiliki wa pamoja ambao mmoja akifa aliyebaki anachukua chote, na kuna umiliki wa hisa ambao fungu la aliyekufa linaingia kwenye mirathi. Na kuna mzee anayemweka mwanawe kwenye akaunti ili amsaidie kutoa fedha tu, bila nia ya kumpa. Karatasi za benki hazikusema ilikuwa ipi. Kaka aliamua mwenyewe kuziingiza kwenye orodha ya mali. Hakulazimishwa, na nilimwomba radhi kwa ule usiku wa kuhesabu makosa yake.

Mirathi ilifungwa mwaka wa pili. Nalipenda neno hilo, kufunga mirathi, kwa sababu wengi hufungua wakaacha wazi: wanachukua hati, wanagawana, hawarudishi orodha wala hesabu, na miaka ishirini baadaye wajukuu wanakuta ardhi ingali na jina la marehemu. Kaka alirudisha hesabu yenye kurasa kumi na moja. Ndani yake palikuwa na mstari wa funguo mbili za akiba za gari.

Mdogo wangu alikuwa na haki ya kubaki na kiwanja chote. Alikaa nalo miezi kadhaa, nami sikumuuliza. Siku moja alinipigia akaniambia nifike kwa wakili Alhamisi. Alikuwa ameamua kunikatia nusu. Nitakuwa mwongo nikisema sikukasirika kwanza. Baba alikuwa ameandika kiwanja, si nusu ya kiwanja. Kisha nikakumbuka ni nani aliyelipa deni la Baba kutoka kwenye fungu lake, senti kwa senti, wakati zawadi za wengine hazikuguswa.

Ofisini wakili alisogeza karatasi mbele yangu, akaweka kalamu juu yake. "Saini hapo chini."

"Nasaini kama nani?"

"Kama mpokeaji."

Niliifunua karatasi yote mpaka mwanzo. Zilikuwa kurasa mbili, na nilizisoma polepole, mdogo wangu akitazama saa ya ukutani mara tatu. Nikasaini. Kwenye nafasi ya shahidi aliitwa karani wa ofisi ya jirani, kijana asiyetujua hata kwa majina.